Magharibi ya Kwanza Bwenini

Siku ya kufungua shule, gati la Mokowe, upande wa bara wa Lamu, hujaa masanduku ya bati. Watoto wa Faza, Siyu na Kizingitini huwa washavuka maji tangu alfajiri, na kama ni msimu wa kusi, sare zao mpya zimeshaonja chumvi kabla ya kufika darasani. Hapo gatini, basi likinguruma, ndipo mama humwambia mwanawe neno la mwisho: "Mwanangu, usiwache sala." Mtoto huitika, "Inshallah, mama," akapanda. Neno ni jema. Ila kule anakokwenda kuna kengele, foleni ya sahani na mabomba mawili kwa watu 60, na hakuna aliyemwambia atatawadha wapi, saa ngapi, wala na nani.

Sisi tunaolea watoto wa bweni, Lamu na Malindi, tumeiona dini ikimshika mtoto mkono, na tumeiona pia ikigeuka mzigo mgongoni mwake. Tulichojifunza, tena kwa kukosea mara nyingi, ni kwamba mawaidha huja nyuma. Hutangulia maji, saa, mahali na mwenzi. Mtoto aliyekosa hivyo vinne ukimpigia hotuba ya saa nzima juu ya subira, utakuwa umemwongezea dhambi ya kuwaza, na hamu ya kwao iko palepale.

Na hiyo hamu ya kwao ina saa yake. Mchana mtoto mgeni huonekana mzima: kuna masomo, kuna mpira, kuna kutafuta ndoo iliyopotea. Jua likianza kuzama ndipo mambo hubadilika. Kwao Lamu, saa hiyo adhana moja huipokea nyingine kutoka misikiti zaidi ya 20, punda wanarudi mazizini, wazee wametoka barazani, na kila jikoni kuna kitu kinachokaangwa. Shuleni husikia kengele ya chakula na sauti ya vijiko. Machozi mengi ya kidato cha kwanza, na sasa Gredi ya 10, hutoka kwenye foleni ya chakula cha jioni, kati ya saa 12 na saa 1 usiku. Usiku wa manane huwa ni machache. Mlezi anayezunguka bwenini saa 4 usiku kutafuta anayelia amechelewa saa nne.

Dawa tuliyoiona ikifanya kazi ni kumpa mgeni kazi ya Magharibi. Kwa siku 14 za kwanza, kila mwanafunzi mpya apangiwe jambo moja: huyu hutandika mikeka, huyu hujaza makopo, huyu huadhini, huyu husimama mlangoni kupanga ndala. Majina yaandikwe kwenye karatasi na yabandikwe ukutani, kwa sababu kazi isiyo na jina hufanywa na walewale kila siku, na mgeni hubaki amesimama pembeni akijihesabia siku. Mwenye mkeka wa kutandika hutafutwa akichelewa. Kutafutwa huko ndiko kunakomwambia kwamba ana mahali pake.

Mwenzi apewe siku ileile ya kuripoti. Awe wa bweni moja, mwaka mmoja mbele. Wa kidato cha nne asipewe. Ana mtihani wake, atamsahau mgeni baada ya wiki. Wala asiwe wa kijiji kimoja na mgeni, hata kama wazazi watapendelea hivyo. Watoto wawili wa Siyu wakiwekwa kitanda cha juu na cha chini, watazungumza Siyu mpaka alfajiri, na hamu itakuwa ya watu wawili badala ya mmoja. Kazi ya mwenzi ni ndogo na inapimika: amwamshe Alfajiri, atoke naye, arudi naye. Mambo ya kumuusia na kumtengeneza tabia si yake.

Sasa saa. Hapa pwani tuna bahati ya kukaa karibu na ikweta, nyakati za sala hazipandi wala kushuka sana. Adhuhuri huingia kati ya saa 6 na saa 6 na nusu mchana, Magharibi kati ya saa 12 na saa 12 na dakika 40 jioni. Kwa hiyo ratiba ikipangwa vizuri mara moja hudumu mwaka mzima. Adhuhuri na Alasiri hazina ugomvi na shule, zina nafasi pana. Isha nayo isilazimishwe katikati ya prepu, yaani masomo ya usiku. Wakati wake ni mrefu, na kuwatoa watoto 40 darasani saa 2 kasorobo na kuwarudisha saa 2 na robo ni kuwaharibia masomo na kuwapa walimu sababu ya kulalamika. Iswaliwe jamaa prepu ikiisha, saa 3 na nusu, wakiwa wanaelekea kulala.

Inayobana ni Magharibi. Wakati wake ni saa moja na kitu, na ndani ya hiyo saa moja shule huwa imeingiza chakula, kuosha sahani na kengele ya prepu. Tumejaribu kula kwanza, tukaona wa mwisho kwenye foleni wakiswali mbiombio huku kengele inalia. Kinachofaa ni kutawadha kabla ya foleni. Saa 12 kamili wote wawe wametia udhu, wenye sahani waziache kwa zamu chini ya ulinzi wa mmoja, adhana ikitoka waswali hapohapo. Rakaa tatu na sunna mbili ni dakika 12, si zaidi, imamu asipochagua sura ndefu. Na imamu wa bweni asichague sura ndefu. Huyo mwenye sauti nzuri anayetaka kuisikilizisha, mpeni usiku wa Ijumaa, yaani Alhamisi jioni.

Maji ndiyo yanayogombanisha watu kuliko dini yenyewe. Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vya machuguu ya mchanga ya Shela, na kila mwenyeji anajua yana mwisho. Mtume alitawadha kwa mudi moja, kama robo tatu ya lita, na akaoga kwa pishi, yaani mudi nne hadi tano, lita tatu hivi. Mtoto wa siku hizi akifungua bomba humaliza lita tano kabla hajafika kwenye miguu. Kwa hiyo funga bomba, leta makopo. Kopo la lita moja, la plastiki, lijazwe robo tatu na kutiwa alama ya rangi ya kucha mahali pa kikomo. Wanafunzi 40 kwa kipimo hicho ni lita 30, dumu moja na nusu kwa kila sala. Wakitumia bomba, lita 200 haziwatoshi, na wa mwisho huingia na soksi, miguu haijaoshwa. Madumu yajazwe usiku baada ya prepu. Asubuhi pampu huwa ya jikoni.

Kuna jambo la maji ambalo halizungumzwi na ndilo linalowafanya wavulana wengi wakose Alfajiri. Mvulana wa miaka 15 ameamka ameota, ana janaba, yaani lazima aoge ndipo aswali, bafu limefungwa mpaka saa 11 na nusu, na akionekana na ndoo saa 10 usiku bweni zima litamcheka wiki nzima. Atakachofanya ni kujifunika shuka na kujifanya mgonjwa. Akifanya hivyo mara tatu, anajiona mnafiki, na baada ya hapo haji tena hata Magharibi. Tumeona watoto walioitwa wavivu wa sala kumbe shida yao ilikuwa kufuli. Bafu moja libaki wazi usiku kucha, liwe na ndoo ya lita 10 iliyojaa na taa inayowaka, na mwalimu wa kiume alitamke jambo hili wazi wiki ya kwanza, mbele ya wote, bila kucheka: kuota si dhambi, kuoga ni hivi, maji yako pale. Dakika tano zinatosha.

Kwa wasichana kizingiti ni kingine. Shule nyingi huweka daftari la mahudhurio ya sala, na kiranja hupita akiandika nani hakuja na kwa nini. Msichana aliye katika siku zake analazimishwa ama aseme mbele ya kiranja ama adanganye. Daftari kama hilo lichomwe. Kama lazima kuwe na hesabu, wahesabiwe waliofika mahali pa sala, na aliye katika siku zake aje akae nyuma, alete uradi wake, asikilize darsa. Asikae peke yake bwenini siku sita au saba kila mwezi. Huko ndiko upweke unakojenga nyumba. Ila nje ya msikiti, kama shule inao. Kwenye darasa au ukumbi uliotengwa kwa sala hakuna tatizo.

Kuhusu sanduku, hatuna mengi. Msala mnene wa manyoya uacheni nyumbani: hukaa na unyevu, hunuka, na kabla ya likizo ya kati una mwenyewe mwingine. Leso pea moja inatosha, kipande kimoja cha kuswalia, kimoja cha kujifunga bafuni. Msahafu uwe mdogo, wenye zipu, uwekwe juu ya nguo. Chini kuna viatu. Kanzu moja, kofia moja, buibui moja jepesi. Saa ya mkono ya bei rahisi ni bora kuliko vyote hivyo, maana simu hakuna na kengele ya shule haimjui Alfajiri.

Kibla watu hukosea wakienda bara. Kwetu pwani ni kaskazini hasa. Kutoka Lamu imeegemea magharibi kwa nyuzi mbili au tatu tu, na wazee neno kibla hulitumia kwa maana ya kaskazini yenyewe. Anayekwenda kusoma Nairobi aegemee mashariki ya kaskazini kwa nyuzi 7 hivi. Chorani mstari sakafuni mara moja kwa dira, mjadala uishe.

Ijumaa kuna suala ambalo walimu wakuu hulishangaa. "Mna watoto 100, kwa nini msiswali hapa shuleni?" Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, Ijumaa inahitaji wanaume 40 walio wakaazi wa mahali hapo hasa, na mwanafunzi ni mpita njia, likizo ikifika anakwenda zake. Mwulizeni sheikh wa mtaa kabla ya kuanzisha khutba yenu. Njia nyepesi ni kuwapeleka msikiti ulio karibu: daftari la kutoka, mwalimu mmoja mbele na mmoja nyuma, kuondoka saa 6 mchana, kurudi saa 8 kasorobo. Anayepita dukani akirudi apoteze ruhusa ya Ijumaa inayofuata ya kupita dukani, asinyimwe Ijumaa yenyewe. Tumeona sala ikigeuzwa adhabu namna hiyo, na mtoto akaikubali adhabu kwa furaha.

Ugomvi wa ndani nao utakuja. Wenye kukunuti Alfajiri, yaani kusoma dua ya kunuti, na wasiokunuti, wenye kusoma maulidi ya Barzanji usiku wa Ijumaa na wanaoona si sawa. Mtoto aliyelelewa chini ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ambaye Mfungo Sita kwake ni mwezi wa Maulidi na matari, akiambiwa wiki ya kwanza na mwenzake wa miaka 16 kwamba babu zake walipotea, hatagombana. Atanyamaza na kujitenga. Kanuni tuliyoiweka ni fupi: anayeswalisha hufuata madhehebu yake, nyuma yake hakuna anayekaa chini kupinga, na Yasini na maulidi ya Alhamisi ni ya anayetaka, katika chumba chenye mlango. Mhubiri wa nje haingii bila mwalimu mlezi kumjua yeye na msikiti anaotoka. Hilo la mwisho halina mjadala.

Malindi bweni huwa na dini mbili hadi tatu chini ya paa moja, na hekima ni ileile. Wakatoliki wapewe pa kusalia rozari Mei na Oktoba, na padri aje japo mara moja kwa muhula kusikiliza maungamo. Mkesha wa Ijumaa wa vijana wa Kikristo ukomee saa 5 usiku, la sivyo Jumamosi darasani ni shingo za kusinzia. Msabato ndiye anayesahaulika zaidi: sabato yake huanza jua likizama Ijumaa mpaka jua likizama Jumamosi, na shule hupenda sana kuweka mitihani ya majaribio na usafi mkuu Jumamosi asubuhi. Mpangieni usafi Jumapili, na karatasi yake aifanye Jumapili akiwa chini ya mwalimu. Mwaka 2026 Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja, na jikoni kulikuwa na wanaofunga wa aina mbili. Mpishi ndiye aliyehitaji kuelezwa zaidi ya mtu yeyote.

Hapo kwa mpishi tukae kidogo, maana funga za bweni huvunjwa na daku. Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia muhula wa kwanza, na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Barua kwa mwalimu mkuu iende kabla ya shule kufungwa mwisho wa mwaka, ikiwa na idadi ya wafungaji na ombi moja tu: mgao wao wa chakula cha mchana, ambao wazazi wameshaulipia, uhamishwe uwe daku. Ukiomba pesa ya ziada utasubiri. Ukiomba chakula kibadilishwe saa, utajibiwa siku hiyo.

Kwa wafungaji 40, daku ni mchele kilo 7, maharagwe kilo 3, na uji lita 20 unaotaka unga kilo 2 na sukari kilo moja na nusu. Tende tatu kwa kila mtu ziwekwe za futari. Kosa linalorudi kila mwaka ni mpishi kupika daku saa 3 usiku, akafunika, akaenda kulala. Maharagwe ya nazi yakikaa saa saba kwenye joto la Februari, tui huchacha, na huwezi kuliona gizani. Kufika saa 2 asubuhi nusu ya bweni iko foleni ya choo, na funga zimekwenda. Fanyeni hivi: maharagwe yachemshwe mchana bila tui, yamwagwe maji, yapoe wazi. Saa 9 usiku mpishi mmoja na wanafunzi wawili wa zamu waamke, wapike wali, wayapashe maharagwe kwa kitunguu na nyanya. Nazi iwe ya futari. Chakula kiwe mezani saa 10, wamalize saa 11 kasorobo. Alfajiri miezi hiyo huingia saa 11 na dakika 10 hivi. Zamu iwe ya usiku mmoja kwa wiki kwa kila mwanafunzi, na mpishi apewe asubuhi yake apumzike, la sivyo siku ya tano hataamka.

Jioni, tende na maji, sala, kisha uji na mihogo au viazi, kisha chakula cha kawaida. Prepu ichelewe kuanza nusu saa, iishe saa ileile. Tarawehe baada ya prepu, rakaa 8, ifike saa 4 na robo watu wako kitandani. Anayetaka 20 amalizie zake kimya. Hata hivyo wanalala chini ya saa sita, na usingizi huo deni lake hulipwa saa 8 mchana darasani. Ombeni bweni lifunguliwe saa ya chakula cha mchana. Wafungaji hawali, wana dakika 50 za bure, na bweni kwa kawaida hufungwa mchana kutwa. Kailula, yaani usingizi wa mchana, ya dakika 40 huwaamsha kuliko kelele za mwalimu. Riadha nayo huwa muhula huohuo: mkimbiaji aliyefunga afanye mazoezi nusu saa kabla ya Magharibi, maji yakiwa karibu, si saa 10 juani.

Asiyefaa kufunga atajificha. Mwenye ugonjwa wa seli mundu, na pwani wako wengi, akikaukiwa maji anaweza kuingia kwenye maumivu makali mpaka hospitali, lakini atafunga ili asionekane tofauti. Mwenye kisukari vilevile. Qur'ani imeshampa ruhusa mgonjwa na msafiri, Sura ya Pili, aya ya 184 na 185. Anachohitaji ni mahali pa kula pasipo macho. Chakula chake kikae kwa nesi. Cha wasichana walio katika siku zao kikae kwa matroni. Kila msichana awe na ukurasa nyuma ya daftari wa kuhesabu siku za kukidhi, azilipe Jumatatu na Alhamisi za muhula wa pili. Kwetu mchana haufupiki mwezi wowote, kungoja hakumsaidii. Na anayefunga sunna kila Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima, akikonda, asifiwe kidogo na aangaliwe sana. Wapo wanaoficha kutokula ndani ya ibada.

Jambo la mashetani tungependa kulipita, ila kila mlezi wa bweni la wasichana atakutana nalo, mara nyingi wiki mbili kabla ya mitihani. Saa 4 usiku msichana mmoja anapiga ukelele, anaanguka, wa pili anafuata, na ndani ya nusu saa ni saba. Kosa kubwa ni kuwasha taa zote, kuwakusanya wote ukumbini na kusoma kwa kipaza sauti. Kinachosambaa hapo ni hofu, na kipaza sauti huibeba. Aliyeanguka atolewe mara moja na watu wawili tu, matroni na rafiki mtulivu, apelekwe chumba chenye dirisha, leso ifunguliwe shingoni. Aangaliwe kama ana homa, kama ameuma ulimi au anatoka povu. Huyo ni wa hospitali, si wa kusomewa kwanza. Aulizwe rafiki yake: alikula nini leo, alilala saa ngapi jana, kumepatikana habari gani kwao. Akisomewa, asome mtu mmoja, sauti ya chini, Ayatul Kursi na sura tatu za mwisho, dakika kumi, kisha maji yenye sukari na kulala. Ubani ndani ya chumba kilichofungwa hapana. Kiboko hapana kabisa. Na asiulizwe "Wewe ni nani, umetumwa na nani?" Mtoto aliyechanganyikiwa atataja jina, jina litakuwa la mwenzake au la mpishi, na kufikia asubuhi mna kesi ya uchawi shuleni. Waliobaki bwenini warudi vitandani taa ikiwaka, kila mmoja asome chake kimyakimya, Mkristo aombe sala yake. Wazazi wapigiwe simu alfajiri, wa wale walioanguka tu.

Msiba ukitokea nyumbani, Waislamu na Wakristo hawana saa moja. Mazishi ya Kikristo hungoja wiki au zaidi, shule ina muda wa kupanga ruhusa. Ya Kiislamu humalizika siku hiyohiyo. Mtoto anayesoma Malindi, mzazi wake akifariki Faza asubuhi, ana zaidi ya kilomita 200 za barabara na maji ya kuvuka mbele yake; mara nyingi hatawahi. Mwambieni kabla hajasikia kwa mwingine, mahali pa faragha, mwalimu aliyezoeana naye akiwa amekaa, kwa maneno ya wazi: "Baba yako amefariki leo asubuhi." Usimwambie ni mgonjwa sana. Njiani ataambiwa na abiria. Kisha mpeni chaguo la kusafiri au kungoja. Madhehebu ya Shafi yanaruhusu kumswalia maiti asiyekuwepo. Kusanyeni jamaa, mumswalie baba yake, yeye akiwa safu ya mbele. Jioni hiyo wanafunzi 30 wagawane juzuu 30 za msahafu, kila mmoja moja. Kwa msomaji wa kawaida ni dakika 40, na khitma imekamilika kabla ya prepu. Mtoto huyo akirudi kutoka tangani, mwenzi wake wa wiki ya kwanza arudishwe tena kwa wiki mbili.

Kwa wazazi tuna ombi la simu. Mkipiga Jumapili kupitia kwa mwalimu, msiulize "Unaswali?" Jibu ni ndiyo kila mara. Ulizeni "Nani aliadhini jana?" au "Maji ya udhu mnateka wapi siku hizi?" Anayeswali atajibu kwa urefu, tena atalalamika. Anayenyamaza, msimgombeze kwenye simu ya watu. Mwambieni mwalimu mlezi. Na ikiwa shule haijatenga mahali, Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamlinda mtoto wenu, lakini kiwekeni mfukoni kwanza. Barua ya ukurasa mmoja yenye idadi, saa na chumba mnachokiomba imefungua milango mingi kuliko kifungu.

Muhula ukiisha, siku mbili kabla ya mabasi kufika, yahesabuni makopo. Yalikuwa 40, mtakuta 12. Mengine yako bafuni, jikoni, na moja hakika lina maua kwenye dirisha la ofisi. Yarudisheni yote sandukuni na ufunguo akae nao wa Gredi ya 10, kwa sababu wa kidato cha nne hatarudi, na wale wageni wa Januari watafika saa 10 jioni na Magharibi haitawangoja.